Ugonjwa wa Miguu Yetu Una Jina

Dada Wanjiru,

Salamu kutoka Kiamunyi, nyumbani kwa shangazi. Kumenyesha tangu asubuhi na tunakunywa chai tu.

Jana nilimwona yule daktari wa miguu niliyekuambia, mjini Nakuru. Kabla hajauliza chochote nikaanza kujitetea: "Daktari, hata chapati niliacha." Akanibonyeza paja polepole, nikashtuka kwa uchungu.

"Mama, hii haitokani na kula," akasema. "Ni ugonjwa wa mafuta kujaa miguuni, unaitwa lipedema. Hatuwezi kuumaliza, lakini maumivu tutayapunguza."

Nililia, dada. Miaka yote hii watu wameniambia nifunge mdomo, nipunguze kula.

Akauliza kazi yangu, nikamwambia nasimama kwenye kibanda kutwa nzima. Basi akapima kila mguu peke yake, kutoka kifundo hadi paja, ili nitengenezewe soksi za kubana zinazonitosha mimi.

Amesema mara nyingi ugonjwa huu huwa wa familia, na miguu huvilia damu kwa urahisi. Nikamkumbuka mama na marinda yake marefu ya kuficha miguu, halafu nikakukumbuka wewe na zile alama nyeusi za mapajani unazosema ni za kugonga meza. Panga siku uje. Nitakaa na wewe ndani daktari akikupima.

Nawapenda, wewe na watoto.
Nyambura