Bangili ya Mama Kwenye Kiwanda cha Sarafu

Bibi yangu wa Nkololo, mwangaluka!

Huku Pretoria ni baridi, baba analala na koti. Jana niliwapeleka yeye na mama kwenye kiwanda cha sarafu nilikofanyia mafunzo. Mlangoni mlinzi alitaka tuvue mikanda, saa na kila kitu cha chuma. Baba akabaki ameshika suruali kwa mkono: "Wanaogopa nitaiba nini, na suruali yenyewe inanishinda?" Mama alificha mkono. Ile bangili ya shaba uliyomvisha tulipomzika pacha wangu Kulwa haijatoka hata siku moja.

"Ingieni ninyi, Doto," akasema. "Mimi nitawasubiri."

Nikamwambia mlinzi kwamba bila mama hatuingii, nikaketi naye kwenye benchi la nje. Hatukuondoka mpaka msimamizi wao, mama wa makamo, akaja kuuliza. Nikamweleza. Akaizungushia bangili plasta na kutia sahihi juu yake, ili tukitoka waone haikufunguliwa.

Ndani mashine zinanguruma kama ginneri ya pamba. Kipande kitupu kinaingia, kinapigwa kishindo kimoja, kinatoka kikiwa hela. Mama akanipigia kelele sikioni: "Kulwa angekataa kutoka humu! Alivyopenda kelele!" Sijawahi kumsikia akimtaja huku anacheka.

Plasta bado iko mkononi, amekataa kuibandua. Anataka uione mwenyewe, ujue kwamba bangili haikutoka.

Mungu akutunze, bibi. Tubakizie michembe ya viazi.

Mjukuu wako,
Doto