Saa Nilizopunguza Kitabuni

Eldoret, upande wa Cheptiret

Kwa mke wangu Mama Jotham,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kifua cha Jotham kimepoa. Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili kwa sababu zaidi ya hapo siwezi kusema.

Barua yako nililetewa na yule fundi cherehani wa kwenu. Umeniuliza mambo mawili: ndugu yako Laban alikufaje hasa, na kwa nini mimi sikuja kwa matanga. Aliyekuletea habari alisema ndege ilimwangukia, basi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Barua hii nimeianza mara tatu nikairarua. Leo naandika yote. Usimwonyeshe mtu kwanza.

Kazi yangu unaijua. Kampuni ina ndege moja ndogo inayomwagia dawa tunutu, wale nzige wachanga wasioruka bado, katika mashamba ya ngano ya Wazungu. Mimi nilijaza dawa kwa tangi, na kwa sababu nilisoma misheni, nikapewa kitabu cha kuandika saa: ndege imeondoka saa ngapi, imerudi saa ngapi. Laban alikuwa mshika bendera. Anasimama mwisho wa shamba na kuinua kitambaa cheupe ili rubani aone mstari wa kufuata. Ndege ikipita, anasogea hatua kadhaa, anasimama tena. Kazi hiyo nilimwombea mimi. Mama yako alikataa, unakumbuka, nami nikamwambia ni kazi nyepesi.

Rubani wetu tulimwita Bwana Wili, kijana Mzungu aliyerusha ndege wakati wa vita. Ofisini kulikuwa na karatasi ya serikali ukutani, inayosema rubani asipitishe saa fulani kwa siku, na apate siku ya kupumzika. Siku moja alituonyesha akicheka. “Hii karatasi ni rafiki yangu,” alisema.

Laban akamuuliza, “Na ya mshika bendera iko wapi, Bwana?”

Bwana Wili akaacha kucheka. “Hiyo bado,” akasema.

Halafu tunutu wakatokea kila upande, na rubani wa pili alikuwa amekwisha kwenda Tanganyika. Wenye mashamba walikuja na magari yao kupiga kelele ofisini. Bwana Wili akawa anaruka tangu mapambazuko mpaka jua linazama, Jumapili pia. Nilikuwa najaza tangi nikimwona ameegemea bawa, amelala wima.

Siku moja akaenda kwa meneja. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu changu. Walizungumza Kiingereza, lakini nilielewa.

“Nimepita saa zangu tangu wiki iliyopita,” Bwana Wili alisema. “Kesho nalala.”

“Ukilala kesho, kesho kutwa usirudi. Nairobi imejaa marubani wa vita wasio na kazi.”

Mke wa Bwana Wili alikuwa na mimba. Alichukua kofia yake akatoka.

Ndipo meneja akaniita mimi, kwa Kiswahili chake kisichotenganisha mimi na wewe. “Wewe. Kila siku naandika saa ile ya karatasi tu. Nasikia?”

“Bwana, lakini ndege inaruka zaidi ya—”

“Nataka kazi, ama nataka rudi kwenu?”

Nikaandika, Mama Jotham. Siku kumi na moja niliandika uongo, kwa mwandiko mzuri.

Laban alijua. Jioni moja tukila aliniambia, “Shemeji, hizo saa unazoziondoa kwa kitabu, mimi nazisimamia kwa miguu yangu.”

Nilimjibu, “Nyamaza, tutafukuzwa wote wawili.” Hakulitaja tena jambo hilo, na siku zilizobaki hatukuongea sana.

Ilikuwa Jumamosi, jua katikati. Ndege ilishuka kama kawaida kufuata mstari. Mwisho wa shamba inapaswa kuinuka. Haikuinuka. Injini ilikuwa inalia vizuri, haikuwa na kasoro. Wengine walipiga kelele, wakakimbia. Laban alibaki ameinua kitambaa. Sijui kama alidhani itainuka, au kama yeye naye alikuwa amechoka mpaka hakuona. Nilikimbia ndani ya ngano. Nilichokikuta sitakuandikia. Jua tu kwamba hakuteseka, na hakuwahi kusema kitu.

Bwana Wili tulimtoa mguu umevunjika. Alinishika shati akaniuliza, “Zablon, mimi nalala? Mimi nalala juu?” Aliuliza hivyo, kama alisinzia huko angani, mpaka gari likampeleka hospitali ya Wazungu. Laban tulimbeba kwa lori la dawa. Tulimzika kesho yake, mzee wa kanisa letu hapa akaomba.

Siku mbili baadaye akaja afisa kutoka Nairobi kuuliza. Akaniita, meneja amekaa kando yake.

“Kitabu kinasema rubani hakupita saa zake. Huu ni mwandiko wako?”

“Ni wangu, Bwana, lakini si kweli.” Nikamweleza yote.

Alinitazama sana. “Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?”

“Wakati ule.”

Meneja akasema, “Ndugu yake amekufa. Uchungu umemharibia akili.” Afisa akafuata kitabu. Bwana Wili amenyang'anywa leseni. Imesemwa ni uzembe wake, na wengine wanasema ni pombe, naye hakuwa mnywaji. Kuhusu Laban walisema ni kibarua wa siku, jina lake haliko popote. Hakuna aliyeuliza yeye alisimama kwa saa ngapi kila siku.

Sasa swali lako la pili. Siku ileile meneja alinifukuza, lakini amekataa kutia sahihi kwa kipande changu, kile cheti cha kazi, kuonyesha ameniachilia. Bila sahihi, askari wakinikuta njiani mimi ni mtoro. Hiyo ni sababu, lakini sitajificha nyuma yake. Hata ningekuwa na sahihi, nisingekuja. Nilimwogopa mama yako. Ningeketi vipi kati ya waombolezaji, watu wakinipa pole?

Usiku nalala na asubuhi naamka, na hakuna kitu ninachokitaka. Lakini mama yako hawezi kuzeeka na ile nusu ya kweli. Jumatatu natoka hapa kwa miguu, kipande kikiwa na sahihi au bila. Nataka nimwambie mwenyewe, nimesimama mbele yake. Wakinikamata, basi umsomee barua hii yote, usiruke mahali.

Nisalimie baba yangu, umwambie asimuuze yule ng'ombe kwa ajili yangu. Msalimie mwalimu wa Jotham, na dada yangu Rasoa ukimwona sokoni. Na yule binti aliyechumbiwa na Laban, usimwambie nimemsalimu. Sina salamu ya kumpa.

Ni mimi mume wako,
Zablon