Damu ya Yusta

Kaka Herman,

Shikamoo. Huku Buzebazeba hatujambo. Dagaa wamejaa mwaloni Kibirizi, na Mama anakusalimu.

Ile bafa mpya tuliyoihangaikia maabarani kwetu, kimiminika kinachosaidia umeme kutenganisha protini za damu ndani ya mrija mwembamba, sasa inastahimili joto la hapa. Majibu yanatoka safi.

Nimempima mwanao Yusta. Ana selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu. Hakurogwa, kaka. Ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili.

Nilimweleza wifi. Alilia sana, kisha akasema, "Mwambie Herman nimemsamehe kuniita mchawi. Lakini maumivu yakimshika mtoto, anamwita baba yake."

Rudi nyumbani.

Mdogo wako,
Jovita