Mchicha Niliopeleka Ingleburn

Dada Zainabu,

Leo Jumapili, jiko tumelifunga, nimekaa kwenye ile meza yako ya kukatia vitunguu nakuandikia. Ungeniona ungenicheka: "Tatu, mtu mzima unamwandikia maiti?" Cheka tu. Nina habari, na wa kumpa habari hizi nimezoea kuwa wewe.

Tulikuzika mji ukiwa umefungwa kwa korona. Nasema tulikuzika, lakini mimi sikuwepo. Waliruhusiwa wachache, wa damu yako, nami nilikuangalia kwenye simu nimesimama hapa hapa jikoni kwetu Rooty Hill, aproni kiunoni. Simu ikakatika katikati ya dua. Nililia kwa hasira, kisha nikarudi kwenye sufuria, maana chakula cha wafanyakazi wa ghala la Ingleburn kilikuwa kinasubiriwa.

Tumebaki wanne jikoni. Mama Brayo bado anaunyanyasa wali wangu, anasema sisi Watanzania tunapika kila siku kama tuna harusi. Netiboli imesimama, viwanja vimezungushiwa utepe. Jezi zako bado ziko kwenye kapu, sijampa mtu.

Unaikumbuka ile mechi ya Penrith? Zimebaki dakika mbili tuko sare, mpira umetoka, refa ametupa sisi. Wewe ukanyoosha mkono: "Nimegusa mimi, ni wao." Wakapewa, wakafunga, tukafungwa. Nilinuna, Dada! Kwenye treni nikahamia behewa lingine ili nisikae na wewe. Ukanifuata na chupa ya chai, ukaketi, ukanimiminia, hukujitetea hata kwa neno moja. Nilikunywa ile chai huku nimekunja uso mpaka tuliposhuka.

Na biashara uliifanya vile vile. Wenzetu wakienda kuomba kazi huanza kujisifu. Wewe ulianza na madhaifu. Siku ile ulipokwenda kwa Toni, meneja wa ghala, nikiwa nimekubebea sambusa za kuonjesha, ulimwambia kabla hata hajaketi vizuri: "Kwanza nikuambie tusichokiweza. Nguruwe hatupiki. Ijumaa tutachelewa, tunaswali. Na sambusa zikiisha, zimeisha, sikai kukaanga za haraka haraka." Nilitamani sakafu inimeze. Toni akacheka mpaka akavua miwani, na mkataba ukaupata. Mimi niliona ni bahati yako tu.

Sasa sikiliza nilichokifanya.

Ile karatasi aliyotupa Toni unaijua: karanga zisikanyage kwake, kuna kijana pale zikimgusa koo linaziba. Naijua kwa moyo. Lakini Dada, mimi mtu wa Tanga, karanga kwenye mchicha nitaihesabu vipi kuwa karanga? Nilipoambiwa karanga, akilini niliona korosho na karanga za kutafuna. Zile nilizozisaga na kuzimwagia kwenye mboga, kwangu zilikuwa mboga. Nikapakia, nikaandika juu "mchicha", nikapeleka. Kesho yake naosha blenda, nikaona mabaki ya karanga pembeni, ndipo nikaikumbuka ile karatasi.

Kumbe siku ile yule kijana alikuwa karantini kwao. Chakula kililiwa, kikasifiwa, hakuna aliyejua. Na siku iliyofuata baada ya kugundua ndiyo nilikuwa nikutane na Toni kuongeza mkataba wa mwaka mzima. Mkataba ule ukienda, jiko limekufa, maana harusi hakuna na sherehe hakuna, tulikuwa tunaishi kwa Ingleburn peke yake.

Mama Brayo alinishika mikono miwili. "Si unyamaze tu? Hakuna mtu ameumia! Next time tutakuwa careful." Nilifikiria kweli kunyamaza. Halafu nikafikiria kumtuma yeye akamwambie, Kiingereza chake kinanyooka kuliko changu, si ndivyo tunavyofanya kwetu jambo likiwa zito, unamtuma mtu? Ila nilijua ungeniuliza mboga aliipika nani.

Nikaenda mwenyewe. Tulikutana getini, barakoa usoni, yeye kule mimi huku. Kabla hajafungua faili nikamwambia yote, na jinsi nilivyojua. Nikarudia mara mbili kwa sababu barakoa ilinimeza maneno. Toni hakucheka. Alifunga faili, akasema chakula kisije mpaka atakaponiambia, akaingia ndani.

Siku tisa, Dada. Mama Brayo alikuwa anaosha upya vyombo visafi. Nikakukasirikia na wewe pia, nikasema huyu kaniachia tabia za watu wenye akiba.

Siku ya kumi Toni akaja mwenyewe. Akasimama mlangoni akafungua kabati moja moja. Akasema mkataba upo, lakini wa miezi mitatu mitatu, na karanga zisiingie kabisa hapa jikoni. Nikakubali. Nikashika kalamu. Akauzuia mkono wangu kwa faili lake, akasema liko sharti moja zaidi, hakuliandika. "Ukiumwa, uniambie. Usifanye kama Zainabu. Aliniambia kila kitu, hilo hakuniambia."

Nikaiweka kalamu chini. Mama Brayo akageukia sinki.

Maana sisi ndio tuliovikuta vidonge vyako vya moyo, nyuma ya kopo la iliki, wiki moja baada ya kukuzika. Boksi la tatu, mawili matupu pembeni. Miezi yote ile unabeba masufuria na sisi, unasema ni uchovu tu. Tungekubebea. Ningekupeleka hospitali mimi mwenyewe, ningekaa nje kwenye gari kama wasingeniruhusu kuingia.

Nimekuheshimu kuliko mtu yeyote niliyemkuta nchi hii, na bado nakuheshimu. Lakini hili ulitukosea, nami nakuambia wewe mwenyewe, simtumi mtu.

Nimetia saini. Jumatatu tunapika. Nakuahidi siku nitakaposikia kifua kinabana nitaacha mwiko, nitawaambia wote waliopo, na Toni nitampigia. Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Mdogo wako,
Tatu