Mstari Niliouruka

Sumbawanga,
19 Septemba 1974.

Mpendwa mpwa wangu Sista Silvana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na masista wenzako wa huko Fes, na kwamba lile jino lililokusumbua wakati wa baridi limekwisha kung'olewa. Mimi sijambo, ila magoti. Mke wangu Fransiska anakohoa kwa vumbi la mwezi huu, lakini anakula. Mama yako ana afya ya mwili. Mengine yanayomhusu nitayaeleza kwa utaratibu, kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Barua yako ya Mei ilifika Julai. Nilimsomea mama yako mara tatu, na sasa anaijua kwa moyo. Alicheka sana kuhusu ile chai ya nanaa inayomiminwa kutoka juu hadi itoe povu. "Wanaimwaga," alisema.

Kilichompendeza zaidi ni tanuri la mtaa: kila nyumba hukanda unga wake asubuhi, hutia alama yake juu ya donge, kisha huupeleka kwa mwokaji mmoja anayezijua alama zote bila kuziandika. Mama yako alisema yeye angebonyeza vidole vitatu. Nilimweleza pia kile chakula cha Ijumaa, zile punje za ngano zilizopikwa kwa mvuke katika sahani moja kubwa, kila mtu akila upande wake bila kuvuka kwa jirani. Ni adabu ileile yetu ya ugali wa ulezi, watu wote kikapu kimoja.

Sasa nikueleze kosa langu.

Mwezi wa nane katibu wa tawi la chama, Ndugu Andwele, alituita mkutanoni. Amri ilikuwa kwamba watu wote wa kitongoji chetu wahamie kijiji kipya kando ya barabara, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mashamba yetu. Watu walinuna. Wenzetu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wamekataa, na mapaa yao yakachomwa. Moshi ule niliuona kutoka uani kwangu. Niliogopa, mwanangu. Kwa kuwa nusu ya wale watu niliwafundisha kusoma, katibu aliniomba niseme neno.

Nikaitoa barua yako. Niliwasomea jinsi watu wa Fes wanavyokaa ukuta kwa ukuta tangu zamani sana, katika vichochoro ambavyo punda mwenye mzigo akipita watu hujibana ukutani, na bado wanaoana, wanasali na kula vizuri. Watu wakaanza kuinua vichwa.

"Mwalimu," akauliza Mzee Eustace, jirani yetu, "mtu akikoroma huko, si mtaa mzima unakesha?"

Walicheka wote, hata katibu, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu aje kutoka Mbeya. Kisha Eustace akauliza tena, safari hii bila mzaha: "Na mashamba yao yako wapi?"

Jibu lilikuwa mkononi mwangu. Uliandika hivi: "Hapa mjini hawalimi, Mjomba. Unga huletwa na nyumbu kutoka kwa wakulima wa nje, na mvua ikikosekana kule, tanuri hupoa." Nikasema mashamba yako nje ya ukuta wa mji, nikaruka mstari huo, nikaendelea. Watu wakakubali kuhama.

Mama yako alikuwapo pale mkutanoni. Tulipokuwa njiani kurudi alinishika mkono.

"Kaka, umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Tanuri kupoa. Mimi sijui kusoma, lakini kusikia nasikia."

Tangu siku ile amekataa kuhama. Unayajua matuta yetu ya mviringo, intumba, lakini nayaeleza ili uwaeleze wenzako. Mwezi wa pili tunafukia majani chini ya udongo, tunapanda maharage juu. Majani yanaoza kiangazi kizima, na Novemba tunayavunja matuta, tunayasambaza na kusia ulezi. Mwaka mzima wa kazi umelala mle ndani. Mama yako ana shamba zima la matuta hayo, na wengine wote wanayo. Ni nani atakayetembea saa tatu na jembe, avunje matuta, kisha arudi saa tatu? Ulezi usiposiwa Novemba, Juni hakuna cha kuvuna, na si kwa mama yako tu.

Nilikwenda kwa Ndugu Andwele kumwomba watu wakae hadi wamalize kusia.

"Mzee Kornel," alinijibu, "ni wewe uliyewaambia inawezekana. Nimekwisha andika wilayani kwamba mmekubali. Lori la mwisho ni Jumatatu. Nyumba zitakazobaki na mapaa tutazishughulikia."

Nusu ya kitongoji ni tupu sasa. Mbwa hawakuwafuata wenye nyumba. Wanalala kwenye vizingiti, wanatazama njia, na mama yako anawagawia ukoko.

Jana nilimsihi tena. "Hama wewe," aliniambia. "Wewe huli ulezi, kaka, unakula pensheni." Kisha akaniomba barua zako zote. Amezipeleka kwa Mwalimu Sekela, yule binti anayefundisha shule ya msingi, amsomee upya tangu ya kwanza, asikie ni nini kingine nilichomficha miaka yote. Hakuna kingine, Silvana. Lakini sina njia ya kumthibitishia.

Jumatatu nitakuwa nyumbani kwake kabla lori halijafika. Sitamtoa kwa nguvu. Nitakaa mlangoni. Huenda watasita kuchoma nyumba yenye mwalimu wao wa zamani ndani. Huenda wasisite.

Barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa, kwa hiyo sikuombi ushauri. Nakuomba hili tu: ukimwandikia mama yako, usiipitishe barua kwangu tena. Itume kwa Mwalimu Sekela. Kama mama yako yupo, popote atakapokuwa, mwalimu huyo ndiye atakayemsomea.

Fransiska anakusalimu sana. Mzee Eustace naye anakusalimu. Amekwisha hamia barabarani, na kila tukionana ananiuliza lile swali lake la mashamba.

Mungu akuhifadhi huko uliko, na sisi atufikishe kwenye mvua.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata baada ya haya,

Kornel