Magongo ya Joram

Al Mansoura,
Doha, Qatar.
15 Machi 2014

Mpendwa Shangazi Millicent,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtoto wa kaka yako. Je, presha imeshuka? Mzee wako Philipo bado anakohoa? Na mvua imeanza, ama bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Shangazi. Naendesha gari la kampuni mchana kutwa, na nikirudi chumbani mimi ndiye mpishi, mimi ndiye muuguzi.

Barua hii nimempa Fabian anayekuja likizo. Kwa simu siwezi kusema, maana mwanao Joram hulala kitanda cha kando na masikio yake hayajaugua.

Unajua goti lake lilivyoharibika kwa kusimama lindo. Gegedu, ile nyama nyeupe ngumu mnayotafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku, lilikuwa limelika. Madaktari walilisafisha, kisha wakatoboa mfupa vitundu vidogo ili damu itoke na kuotesha gegedu jipya. Wakamwambia mguu usikanyage chini mpaka wamruhusu. Atembee kwa magongo.

Ndipo ukapiga simu kwamba kanisa la nyumbani limefunga na kuomba, kwamba ameshapona, akatoe shukrani. Ijumaa hiyo, maana huku ibada ni Ijumaa, kule kanisani Mesaimeer, wimbo wa shukrani ulipoanza, aliacha magongo kwenye benchi akacheza mpaka madhabahuni. Akina mama wakapiga vigelegele. Hata mimi nilipiga makofi, mjinga mimi. Jioni goti lilikuwa limefura hata ikabidi tukate suruali.

Sasa gegedu jipya limebanduka. Watampasua tena wiki ijayo, na daktari amesema hakutakuwa na mara ya tatu. Likibanduka tena, kazi ya ulinzi basi, na hata shambani atachechemea maisha yake yote.

Kinachonichosha si kumfulia wala kumsindikiza chooni. Ni kwamba anaamini goti lilifura kwa sababu alikuwa na shaka moyoni. Anasema akitoka hospitali atarudi mbele ya kanisa, safari hii bila shaka yoyote. Nikimkanya ananiita Tomaso. Hata daktari, Joram anamwona ni mtu asiye na imani tu.

Shangazi, sikulaumu. Ulimwombea mwanao, na mimi pia naomba. Lakini neno analolisikia ni lako. Mwambie magongo si ukosefu wa imani. Mwambie Mungu hupokea hata shukrani za mtu aliyekaa. Usipomwambia wewe, simwoni mwingine.

Nisalimie Mzee Philipo, na dada Virginia umwambie viatu vyake viko kwa Fabian. Bwana awalinde hapo nyumbani, nasi huku ugenini asitusahau.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye,
Cornelius

Ukipiga simu, salamu zingoje. Kwanza muulize magongo yako wapi.