Nyumbani Naitwa Afande, Jeshini Nilikaa Siku Kumi na Moja

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi nisikilize hivyo hivyo maana nimebanwa. Mimi ni fundi friji, nina mke na mabinti wawili, na mtaa mzima unaniita Afande kwa kuwa ujanani nilikwenda jeshini, jambo ambalo ni kweli, ila buti nilizopewa zilinibana nikaogopa kusema, vidonda vikatunga usaha, homa ikapanda, na siku ya kumi na moja wakanirudisha nimevaa kandambili, nami kwa aibu nikapitiliza kwa mjomba wangu mji mwingine nikajifunza ufundi miaka miwili, na niliporudi watu wakadhani natoka kambini, sikuwasahihisha. Sasa binti yangu mdogo amechaguliwa kwenda jeshini, anaripoti baada ya siku tisa, na mwezi uliopita alinijia na daftari akasema, “Baba, nifundishe yote unayoyajua,” nami badala ya kumaliza kwa dakika tano nimemfundisha wiki nne, nimemkimbiza na mfuko wa mchanga mgongoni, nimemfundisha kukunja shuka mara kumi na sita, hiyo niliitunga nikiwa bafuni. Juzi nikamkuta anashuka ngazi kwa makalio.

“Vipi?”

“Safi, Afande.”

Nikamvua soksi, ikatoka na ngozi. Nikamuuliza mbona hakusema, akanijibu, “Si wewe ulisema askari hasemi anaumwa?”

Mshauri, nilikwenda jikoni nikafungua friji nikasimama pale mpaka mke wangu akauliza kama imeharibika. Nikisema ukweli binti atanidharau, nisiposema ataondoka na mafunzo yangu. Nifanyeje?

*

Fundi, pole. Kurudishwa kwa sababu ya miguu si aibu, wamerudishwa wengi wenye vifua vipana kuliko wewe. Lakini umekaa wiki nne unamfundisha mwanao kosa lile lile lililokurudisha, tena kwa bidii, na bado unaniuliza kuhusu heshima yako. Mtoto anashuka ngazi kwa makalio, bwana!

Leo hii mpeleke zahanati. Mkiwa kwenye benchi mnasubiri kuitwa, mwambie yote, na usianze na “enzi zetu”. Atakasirika, ana haki. Usijitetee. Akimaliza kukasirika mwambie kitu kimoja unachokijua kweli kuhusu jeshi: buti zikibana aseme siku ile ile, wakimcheka aseme tena, wakimfokea aseme kwa sauti zaidi. Hilo hakuna mkufunzi atakayemfundisha vizuri kuliko wewe.

Mchanga umwage. Mpaka siku ya kuripoti hakimbii hata kuwahi chakula, labda daktari aseme vinginevyo, na kama daktari ataona miguu haitapona kwa wakati, nendeni wote wawili mkaombe asogezewe tarehe. Wewe ndiye utakayeeleza kwa nini.

Mkirudi nyumbani, mwambie na mama yake. Akikujibu “najua”, usimuulize tangu lini.